Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya elimu: somo la balehe lifike kabla ya balehe yenyewe

Kwa:
Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia;
Waziri mwenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI);
Mkurugenzi Mkuu, Taasisi ya Elimu Tanzania.

YAH: MAFUNDISHO YA BALEHE NA MIPAKA YA MWILI KATIKA SHULE ZA MSINGI

Waheshimiwa Mawaziri na Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Ninawaandikia nikiwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ambaye sehemu kubwa ya utumishi wangu niliifanya katika mikoa ya kusini, mara nyingi nikiwa pia mwalimu wa malezi na ushauri. Ombi langu ni moja, ingawa lina matawi. Kila mtoto wa shule ya msingi aelezwe mabadiliko ya mwili wake kabla hayajamfika, apewe maneno ya kuyataja mabadiliko hayo na ya kukataa asichokitaka, na shule yake iwe na mtu mzima ambaye kwa mujibu wa kazi yake analazimika kuyasikiliza maneno hayo na kuchukua hatua.

Naanza na umri, kwa sababu hapo ndipo mipango yetu inapokosea hesabu. Msichana anaweza kuanza kuota matiti akiwa na miaka 8 na akawa mzima kabisa wa afya. Kwa kawaida dalili hiyo huonekana kati ya miaka 8 na 13, na hedhi ya kwanza hufuata kama miaka miwili baadaye au zaidi kidogo. Mvulana huanza kati ya miaka 9 na 14, na dalili yake ya kwanza ni kukua kwa korodani, jambo ambalo mtu wa nje halioni, ndiyo maana sisi wakubwa hudhani kuwa hajaanza chochote mpaka siku tunaposikia sauti yake imekuwa nzito. Sasa tulinganishe na madarasa. Kwa utaratibu wa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, mtoto huanza darasa la kwanza akiwa na miaka 6 na elimu ya msingi huchukua miaka 6. Kwa hiyo mtoto wa miaka 8 yuko darasa la tatu, na wa miaka 9 yuko darasa la nne. Somo linaloanza darasa la sita huwakuta wasichana wengi wakiwa tayari wamekwisha kuanza safari hiyo peke yao. Katika shule za vijijini hesabu ni ngumu zaidi, kwani wapo wanaochelewa kuandikishwa, na mwalimu wa darasa la nne hujikuta mbele ya watoto wa miaka 9 na wa miaka 13 wamekaa dawati moja.

Kuchelewa huku kunaonekana kuwa jambo dogo kwa anayelitazama kutoka ofisini. Kwa mtoto si dogo. Katika vijiji ambako kichocho ni ugonjwa wa kawaida, mtoto akiona damu anapojisaidia huwa na maelezo moja tu, nayo ni ugonjwa. Hivyo msichana ambaye hakuambiwa habari ya hedhi atajiona mgonjwa, au atadhani ameumia mahali ambapo atalaumiwa kwa kuumia kwake. Mvulana anayeamka na bukta iliyolowa hujiuliza kama ameharibika, akazificha nguo zake, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba ndoto nyevu ni kazi ya kawaida ya mwili unaokua. Wapo pia wavulana, na si wachache, wanaoota uvimbe mdogo unaouma chini ya chuchu katika umri huo, ambao kwa kawaida hutoweka wenyewe baada ya muda. Nimewaona wakikataa kuvua mashati siku ya michezo, na wenzao wakiwacheka. Maelezo ya dakika kumi yangetosha kuwaondolea fedheha hiyo, lakini maelezo hayo hayapo kwenye ratiba ya mtu yeyote.

Najua jibu linalotolewa kwanza, kwamba mambo haya ni ya nyumbani. Ninaliheshimu, lakini halielezi nyumba zetu zilivyokuwa wala zilivyo. Katika desturi za jamii nyingi za pwani na kusini mzazi ndiye hasa aliyeona haya kusema na mtoto wake mambo haya, na kwa sababu hiyo kazi ilikabidhiwa bibi, shangazi, au kungwi, ambaye pia huitwa somo, yaani mwanamke anayemfunda msichana. Leo bibi yuko Newala, kusini, na mjukuu anakulia katika chumba cha kupanga Mbagala, Dar es Salaam, pamoja na wazazi wanaotoka alfajiri na kurudi usiku. Aliyekuwa akifundisha hayupo, na mzazi hakurithishwa kazi hiyo.

Unyago ulikuwa na sifa moja ambayo shule zetu bado hazijaweza kuiiga: mwali alikuwa na somo wake, mtu mmoja anayejulikana, ambaye alimwendea kwa swali lolote hata baada ya kuolewa, na aibu haikuhesabiwa baina yao. Lakini kasoro zake ni kubwa kiasi kwamba hatuwezi kuuachia kazi hii. Mafundisho mengi yalielekezwa kwenye ndoa, mwali akafunzwa kumtunza mume kabla hajajifunza kujitunza mwenyewe, na katika baadhi ya maeneo ya kusini watoto wa shule ya msingi huchezwa ngoma wakati wa likizo, wawe wamevunja ungo au bado, kisha hurudi darasani wakiwa wameambiwa kuwa sasa ni wakubwa. Kwa upande wa wavulana, jando liliwafunza kuvumilia maumivu bila kutoa sauti. Ujasiri una mahali pake. Lakini mtoto aliyesifiwa kwa kunyamaza chini ya kisu ndiye huyo huyo tunayemtarajia aje kusema siku mtu mzima anapomuumiza.

Wapo pia wanaosema kwamba dini inakataza mazungumzo haya. Mtoto wa madrasa husoma hukumu za hedhi, janaba na josho katika mlango wa twahara, yaani usafi wa ibada, tena huzisoma kwa sauti mbele ya ustadhi, na hakuna anayedai kwamba amefunguliwa macho kabla ya wakati. Katika Sura ya An-Nur, aya ya 58 na 59, watoto ambao hawajabalehe wanaagizwa waombe ruhusa kabla ya kuingia chumbani kwa wakubwa katika nyakati tatu za faragha, na wakishabalehe waombe ruhusa kila wakati. Hayo ni mafundisho ya mipaka, na yamewekwa kwa mtoto mdogo kabla ya balehe. Mapadre na wachungaji wanaowaandaa vijana kwa kipaimara nao huzungumza habari za mwili na heshima yake. Kwa hiyo ninashauri viongozi wa dini waketi na Taasisi ya Elimu tangu mwanzo wa kuandika mwongozo, badala ya kuitwa mwishoni ili kuubariki.

Suala la mipaka ninaliona kuwa gumu kuliko la balehe. Mtoto wa Kiswahili hujua hodi kabla hajajua kusoma: unabisha, unangoja, ukikaribishwa unaingia, usipojibiwa mara ya tatu unarudi ulikotoka bila kununa, na aliyekaribishwa barazani hajakaribishwa chumbani. Adabu hiyo hiyo ndiyo inayotakiwa kuelezwa juu ya mwili, kwa mtoto na kwa mtu mzima. Tatizo ni kwamba mtoto huyu tumemlea pia kutii kila aliyemzidi umri, kuamkia, kuitika “abee” au “naam”, kutumwa bila kuuliza, na kutosema mbele ya wakubwa. Malezi hayo ni mazuri na sipendi yafutwe. Lakini lazima shule imfundishe, kwa mazoezi ya kutamka na si kwa kusoma bango, kwamba adabu haimzuii kusema “sitaki” mtu anapomshika pasipostahili, hata kama mtu huyo ni mjomba, ni mwalimu au ni kiongozi wa ibada. Na kwamba mkubwa anayemwambia “usimwambie mtu” ndiye hasa wa kuambiwa watu.

Hapa utani unahitaji uangalifu. Kwa desturi zetu babu humwita mjukuu wake wa kike “mke wangu”, bibi humwita wa kiume “mume wangu”, na shemeji hutaniana na shemeji yake mbele ya watu wote. Sioni kosa katika maneno hayo, nami pia niliitwa hivyo na sikudhurika. Hata hivyo mtoto anahitaji kuelezwa waziwazi kwamba utani ni wa mdomo na wa hadharani, na kwamba ukihamia mikononi, au gizani, au ukiambatana na fedha ya chipsi, si utani tena. Mwongozo ulioandikwa na watu wasiojua utani hautalitaja jambo hili kabisa, na mtoto atabaki na kanuni ya jumla ya “wageni” wakati wanaomzunguka wote ni ndugu na majirani. Kanuni hiyo itaje pia dereva wa bodaboda anayetoa lifti kila siku bila nauli, mwalimu wa tuisheni anayepanga kipindi cha mwanafunzi mmoja jioni, na rafiki wa kwenye simu anayeomba picha.

Mtoto afundishwe pia majina halisi ya viungo vyake: uume, uke, korodani, matiti. Anayejua majina ya kuficha tu, yale ya vyakula na wadudu, anaweza kushtaki mbele ya mtu mzima na asieleweke. Na mwalimu akiona haya kutaja neno, darasa zima hujifunza kuwa hapo ndipo pa kunyamazia.

Ukimya huo umekwisha kupimwa. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18, na kwamba takriban nusu ya wasichana hao, na theluthi moja tu ya wavulana, ndio waliomwambia mtu. Idadi ya wavulana niliikazia macho nilipoisoma kwa mara ya kwanza, kwa sababu mafundisho machache tuliyokuwa nayo shuleni yalimtazama mvulana kama hatari ya kesho na hayakumtazama hata siku moja kama mtoto wa leo anayeweza kudhurika. Naomba mwongozo uwape wavulana kipindi chao na wasichana chao, kisha kipindi cha pamoja, ambamo mvulana atajifunza hedhi ni nini ili asimcheke aliyechafuka sketi, na wote watasikia kwa maneno yale yale kwamba kukubaliwa urafiki si kukubaliwa kila kitu, na kwamba kukataliwa hakumpi mtu ruhusa ya kulazimisha.

Sheria zetu ni kali. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtu mwenye umri chini ya miaka 18 kuwa mtoto; Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa kosa la kubaka; na marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Lakini sheria hizi zote hungoja kosa litendeke, na zikishaanza kufanya kazi humtegemea mtoto aeleze kilichotokea. Kwa miaka mingi shule zetu zilikuwa hodari wa kuwapima wasichana mimba kuliko kuwaeleza mimba inavyopatikana. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 uliwafungulia mlango wa kurudi shuleni walioacha masomo kwa sababu ya ujauzito, na niliupokea kwa shukrani. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 umeonyesha kuwa asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kushika mimba, kutoka asilimia 27 katika utafiti wa 2015-16. Kupungua huko ni kwa kushukuru, ila bado ni zaidi ya mmoja katika kila watano.

Kuhusu hofu kwamba kufundisha ni kuchochea, mwongozo wa kimataifa wa UNESCO uliotolewa upya mwaka 2018 ulipitia tafiti za nchi nyingi na kuonyesha kwamba elimu hii haiwafanyi vijana waanze ngono mapema. Nchi yetu ilikuwa miongoni mwa zilizotoa ahadi ya pamoja ya mawaziri wa elimu na afya wa Mashariki na Kusini mwa Afrika, Cape Town, Desemba 2013, ya kuwapa vijana elimu na huduma hizi. Watoto waliozaliwa mwaka ule sasa wanabalehe.

Sasa niseme juu ya mtu wa kusikiliza, maana bila yeye yote niliyoyaomba ni kumfundisha mtoto kupiga kelele katika nyumba isiyo na watu. Serikali imeelekeza kuwepo kwa madawati ya ulinzi na usalama wa mtoto ndani na nje ya shule, na wazo hilo ni jema. Katika utekelezaji, dawati mara nyingi ni jina la mwalimu lililobandikwa ukutani, mwalimu huyo akiwa na vipindi vyake vyote na hana chumba. Sanduku la maoni nalo huwekwa kwenye ofisi ya mwalimu mkuu, ufunguo ukiwa wake, mahali ambapo kila mtoto anayelisogelea huonekana na kila mwandiko unajulikana ni wa nani. Mwalimu wa dawati apunguziwe vipindi, apewe mafunzo, na awe na siku mbili au tatu kwa juma ambazo watoto wote wanajua kwamba yupo. Iwapo shule haina mwalimu wa kike, muuguzi wa zahanati au mhudumu wa afya ngazi ya jamii apangiwe siku yake. Namba 116 ya Simu ya Mtoto iandikwe kwenye jalada la daftari, kwa sababu bango la ofisini halifuati mtoto nyumbani.

Taarifa ikishatolewa, njia yake iwe moja na iandikwe: afisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, na kituo cha afya, tena haraka, kwa kuwa dawa za kukinga maambukizi ya VVU baada ya kubakwa hutakiwa kuanza ndani ya saa 72. Ninaomba TAMISEMI itamke waziwazi kwamba mwalimu mkuu au mtendaji anayeruhusu shauri la namna hii “limalizwe” baina ya familia kwa mbuzi au kwa fedha atawajibishwa. Walimu wote nchini wanajua ninachokizungumzia.

Walimu wenyewe tusijitoe. Upo ukatili unaotendwa na walimu, na mtoto hawezi kutarajiwa kuupeleka kwenye dawati linalokaliwa na rafiki wa mtenda. Pawe na njia ya kutoka nje ya shule hadi Tume ya Utumishi wa Walimu na Polisi. Vilevile waraka mfupi upige marufuku kumtuma mwanafunzi kubeba maji, kuni au madaftari nyumbani kwa mwalimu, na uagize kwamba mazungumzo ya mwalimu na mtoto mmoja yafanyike mahali panapoonekana hata kama hapasikiki. Mwalimu mwadilifu hapotezi chochote kwa kanuni hizo. Kwa kweli zinamlinda.

Juu ya vyoo nitasema kwa ufupi, kwani viwango vipo: tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Kinachosahaulika ni komeo upande wa ndani, maji, na mahali pa kutupia pedi. Kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike iliondolewa mwaka 2018 na kurudishwa mwaka 2019 kwa maelezo kwamba bei haikushuka. Badala ya kukata tamaa na bei, fungu la ruzuku ya shule lingeweza kutaja taulo hizo kwa jina, kama linavyotaja chaki. Watoto viziwi, wasioona na wenye ulemavu wa akili waandikiwe mafundisho yao mapema, sio kiambatanisho baada ya miaka mitano, maana wao ndio wanaoguswa zaidi na watu wengine katika kuhudumiwa kila siku, na mipaka yao ndiyo rahisi kupuuzwa.

Wazazi waonyeshwe kila kitu. Katika mkutano wa mwanzo wa muhula mwalimu asome mbele yao somo atakalolifundisha, ukurasa kwa ukurasa, na ajibu maswali. Niliwahi kuhudhuria mikutano ya namna hiyo na nimeona kwamba ubishi mkubwa hutoka kwa wanaodhani wanafichwa. Wakishasikia kwamba mtoto wa darasa la tatu anafundishwa majina ya viungo, usafi, hodi na mtu wa kumwendea, na kwamba habari za mimba na magonjwa huja baadaye kwa umri wake, wengi huuliza tu kwa nini wao hawakufundishwa.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, ninaomba Taasisi ya Elimu iandae mwongozo wa vipindi vya darasa la tatu hadi la sita, wenye juma lililotajwa katika kila muhula, ili somo hili lisisukumwe hadi baada ya mitihani; Wizara iuingize mwongozo huo katika vyuo vya ualimu kama sehemu inayotahiniwa; na TAMISEMI itoe waraka juu ya mwalimu wa dawati, njia ya taarifa na kanuni za kumkinga mtoto shuleni. Mwaka wa masomo huanza Januari. Mwongozo ukifika kwa maofisa elimu kata mwezi Oktoba, walimu watapata likizo ya Desemba ya kujiandaa, na rasimu ikibandikwa kwenye mbao za matangazo za ofisi za kata mwezi mmoja kabla, wazazi, mashekhe na wachungaji watakuwa na nafasi ya kuisoma na kuandika maoni yao.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu wa shule ya msingi,
Mkoa wa Lindi.

Nakala:
Tume ya Utumishi wa Walimu;
Maofisa Elimu wa Mikoa.